Bajeti ya mwaka ya nyumba za manispaa Malindi: jinsi ya kuipanga kuanzia Agosti hadi Juni

Malindi mtu husikia habari za bajeti mwezi wa Aprili, gari la kipaza sauti linapopita Maweni na Kisumu Ndogo likitangaza mkutano wa kutoa maoni. Kufikia hapo sahani zishapakuliwa. Kiasi kitakachokwenda kwa idara ya nyumba kilizungumzwa Februari, na miradi yenyewe iliingizwa kwenye orodha tangu Agosti. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza Agosti. Umeandikiwa watu watatu: afisa wa manispaa aliyekabidhiwa nyumba za kupangisha, mwakilishi wadi anayetaka kuuliza maswali yenye meno, na mwenyekiti wa wapangaji aliyechoka kuambiwa "fungu halina pesa".

Nyumba zenyewe ni zile ambazo watu wangali wanaziita za kanjo: mabaraza ya zamani yalizijenga, kaunti zikazirithi ugatuzi ulipoanza 2013. Ongeza na zozote mpya za kodi nafuu zitakazojengwa. Msimamo wangu niuseme mapema. Bajeti ya nyumba za jamii huanza na nyumba ambazo tayari zimesimama. Ukishajua zinakula kiasi gani kwa mwaka na zinaleta kiasi gani, ndipo utakapokuwa na haki ya kumwahidi mtu nyumba nyingine.

Kwanza jua pesa ni ya nani

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo linagawa kazi: sera ya nyumba ni ya serikali ya kitaifa, na nyumba zenyewe, zikiwa sehemu ya mipango na maendeleo, ni kazi ya kaunti. Malindi ni manispaa chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, ina bodi na meneja, ila makadirio yake hupitia Kaunti ya Kilifi na kupitishwa na bunge la kaunti. Ukimwendea meneja wa manispaa peke yake umefika nusu ya safari.

Pesa hutoka mahali patatu, na kila mahali pana tabia yake.

Pa kwanza ni mgao wa kitaifa pamoja na mapato ya kaunti yenyewe. Mwaka wa fedha wa 2021/22 Kilifi ilipangiwa mgao wa takriban shilingi bilioni 11.6; Lamu, ambayo nitaigusia mwishoni, takriban bilioni 3.1. Pesa hizi zinagombewa na hospitali, barabara, maji, chekechea na mishahara. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, na kanuni za 2015 zinaweka kikomo cha mishahara kuwa asilimia 35 ya mapato. Afisa wa nyumba akijua tarakimu hizo mbili, anajua pia uwanja anaochezea ni mdogo kiasi gani.

Pa pili ni kodi ya wapangaji. Hii nitairudia kwa urefu, maana ndiyo inayodanganya watu.

Pa tatu ni ushuru wa nyumba, ule wa asilimia 1.5 anaokatwa mfanyakazi na asilimia 1.5 nyingine anayotoa mwajiri, chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa sahihi Machi 2024. Ushuru huo huingia katika hazina ya kitaifa. Usiuandike kwenye makadirio ya manispaa kama mapato yako, hata kama bango la mradi limesimamishwa mtaani kwenu. Kazi ya kaunti hapo ni kutayarisha ardhi na kushiriki kupitia kamati ya nyumba ambayo sheria hiyo imeiunda katika kila kaunti. Unachoweza kuingiza kwenye bajeti yako ni gharama za upande wenu: upimaji, barabara ya kuingilia, maji.

Hatua ya 1: Daftari la nyumba

Fanya kazi hii Julai, au kabla, mvua za masika zikiwa zimetoka kukuonyesha kila penye kuvuja. Usikubali orodha ya ofisini. Tembea mwenyewe na fundi mmoja wa mabati, mmoja wa bomba na mmoja wa umeme, mkiongozana na mzee wa mtaa ili watu wafungue milango.

Kwa kila nyumba andika: nambari yake, anayeishi humo kwa kweli (si aliyeandikwa kwenye mkataba), kodi anayolipa, deni lake, hali ya paa, kuta, sakafu, nyaya, bomba, choo na tangi la maji machafu. Utashangaa. Ziko nyumba ambazo mpangaji wa kwenye karatasi alishahamia kwingine, naye anampangisha mtu wa tatu kwa kodi mara mbili ya ile ya manispaa. Ukipata moja ya namna hiyo, usimtimue aliyemo siku hiyo hiyo. Andika, upeleke kwa bodi, kwa sababu anayelala humo mara nyingi ndiye hasa aliyestahili nyumba.

Pwani pana adui ambaye vitabu vya wahandisi wa bara humgusia kidogo tu, naye ni chumvi. Upepo wa bahari huila bati nyembamba ya geji 30 haraka sana; geji 28 ni ghali zaidi lakini huvumilia. Nondo ndani ya zege huvimba zikipata kutu na kupasua nguzo kutoka ndani, hasa pale mjenzi alipotumia mchanga wa bahari usiooshwa. Kwa hiyo fundi akikuambia "ni ufa mdogo", mwambie agonge kwa nyundo. Zege ikitoa mlio wa mtungi, tayari imeachana na chuma.

Mkimaliza, zigawe nyumba mafungu matatu: zinazohitaji matunzo ya kawaida, zinazohitaji kazi kubwa ndani ya miaka miwili, na zile ambazo ni hatari kulala mtu. Fungu la tatu halingoji bajeti ya mwaka kesho. Wahamishe watu.

Swali moja la mwisho kabla ya kufunga daftari: hati ya ardhi iko wapi? Pwani yetu mtu anaweza kumiliki nyumba na ardhi ikawa ya mwingine, na mitaa mizima imeishi hivyo kwa vizazi. Nyumba za manispaa nazo zina ukungu wake. Ziko zilizojengwa juu ya viwanja ambavyo hati zake hazijawahi kusajiliwa, na ziko ambazo vipande vya ua vimeota mabanda yenye "wenyewe". Ukitenga mamilioni ya ukarabati kwenye kiwanja chenye mgogoro, kazi itasimamishwa na mahakama mkandarasi akiwa ameshashusha kokoto. Weka gharama ya upimaji na usajili kwenye mwaka wa kwanza, hata kama haipendezi macho ya mwanasiasa.

Hatua ya 2: Kodi utakayoipata, na ile unayoiota

Hapa nitachukua mtaa wa mfano, wa kubuni, wenye nyumba 60, kila moja kodi ya shilingi 3,000 kwa mwezi. Badilisha tarakimu uweke zako.

Kodi kamili ni 60 mara 3,000 mara 12, yaani 2,160,000. Ofisi nyingi huishia hapo, zikaiandika kama mapato. Endelea.

Nyumba nne zitakaa tupu nusu mwaka zikingoja ukarabati au mpangaji mpya: toa 72,000. Zinabaki 2,088,000. Sasa fungua vitabu vya miaka mitatu iliyopita uone ni asilimia ngapi ya kodi iliyolipwa kweli. Tuseme ni 80. Mapato yako ni 1,670,400. Tofauti kati ya kodi ya ndoto na kodi ya kweli ni karibu nusu milioni, na hiyo nusu milioni ndiyo paa ambalo mwakani halitawekwa.

Deni la zamani usilihesabu kama mapato. Kama wapangaji wanadaiwa milioni moja tangu miaka mitano iliyopita, andika kile tu ambacho mtu ameshakubali kwa maandishi kulipa kidogo kidogo.

Kisha gawa mapato kwa miezi, maana Malindi hailipi kodi sawasawa mwaka mzima. Watalii huja zaidi kuanzia Desemba hadi Machi, na tena Julai na Agosti. Aprili hadi Juni mahoteli mengi hupunguza watu au kufunga kabisa, upepo wa kusi unavuma, wavuvi wadogo hawatoki kila siku, na mvua inamweka nyumbani kibarua wa mjengo. Miezi hiyo mitatu ndiyo robo ya mwisho ya mwaka wa serikali. Ukigawa kodi robo nne zilizo sawa, robo ya kwanza utajiona hodari na robo ya nne utakopa mafuta ya jenereta. Afadhali umpe mpangaji ruhusa ya kulipa zaidi Januari na Februari, na pungufu Mei, akijua mwenyewe kuwa mwaka utakwisha sawa. Malipo yawe kwa simu, yenye nambari ya nyumba kama akaunti, na risiti irudi papo hapo. Kodi inayopokelewa mkononi ina miguu.

Hatua ya 3: Nyumba inakula nini

Turudi kwenye mtaa wetu wa mfano. Kuna matengenezo madogo ya kila siku, kama kitasa, bomba, kioo na soketi: weka 6,000 kwa nyumba, jumla 360,000. Hizi hakuna anayezibishia.

Zinazosahaulika ni zile zinazokuja kwa mzunguko. Paa la nyumba moja tuseme ni 90,000, na kwa hewa yetu tulipe miaka 15: ni 6,000 kila mwaka, hata mwaka ambao hakuna paa lililoguswa. Rangi 20,000 kila miaka 5, yaani 4,000. Nyaya na bomba 45,000 kila miaka 15, yaani 3,000. Jumla 13,000 kwa nyumba, na kwa nyumba 60 ni 780,000 kwa mwaka. Hii ndiyo tarakimu iliyoziua nyumba za kanjo. Miaka mingi kodi ilikusanywa na paa halikuwekewa akiba, kwa kuwa paa lilikuwa bado zima.

Halafu maji machafu. Mitaa mingi ya Malindi hutegemea matangi na mashimo, si mabomba ya maji taka, kwa hiyo gari la kunyonya ni gharama ya kudumu: matangi sita, mara mbili kwa mwaka, kwa 8,000, ni 96,000. Ongeza mlinzi na mkusanyaji 240,000, taa za nje na taka 84,000, bima 60,000.

Jumla yote: 1,620,000. Mapato yalikuwa 1,670,400. Umebakiwa na 50,400.

Itazame vizuri hiyo elfu hamsini. Inasema mambo mawili. Mtaa unaosimamiwa vyema unaweza kujilisha, hata kwa kodi ya chini. Anayedai kuwa nyumba za jamii ni mzigo mtupu hajafanya hesabu. Na inasema pia kwamba kodi haitajenga nyumba mpya hata moja. Haitafidia hata uzembe wa nyuma: kama daftari lilionyesha mapaa 20 yaliyokwisha oza, hiyo ni 1,800,000 ambayo haimo humu. Pesa hiyo lazima itoke kwenye fungu la maendeleo la kaunti, iombwe kwa jina lake, "malimbikizo ya ukarabati", wala isifichwe ndani ya matengenezo ya kawaida. Ukiificha, mwaka ujao watakuuliza mbona matengenezo yamepanda ghafla, na watakata.

Hatua ya 4: Kodi iwe kiasi gani

Sheria ya 2024 inahesabu nyumba ya jamii kuwa ya mtu mwenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kipimo kinachotumika mahali pengi ni kodi isizidi theluthi ya kipato, au asilimia 30 ukitaka kubana. Kwa mwenye 20,000 hiyo ni 6,000, kwa hiyo 3,000 yetu inaonekana rahisi. Lakini mama anayekaanga viazi karai na bajia kituoni, au kibarua anayepata siku tatu kwa juma, huenda akaingiza 9,000 mwezi wa mvua. Kwake 3,000 ndiyo theluthi kamili, na maji na tokeni za umeme hazijahesabiwa.

Napendelea kodi mbili kuliko moja: ya kawaida inayolipia gharama zote za hatua ya 3, na ya nafuu kwa watu walioorodheshwa, huku tofauti ikiandikwa waziwazi kama ruzuku kutoka kaunti. Nyumba kumi zenye punguzo la 1,000 kwa mwezi ni ruzuku ya 120,000 kwa mwaka. Ikiandikwa, bunge la kaunti linaijua na kuilipia. Isipoandikwa, inalipwa na mapaa.

Kodi ikibadilika, lazima ipitie Mswada wa Fedha wa kaunti, ambao hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi, ile inayoidhinisha bajeti. Usianze kutoza kodi mpya tarehe 1 Julai kwa barua ya ofisini tu.

Hatua ya 5: Kalenda, na mlango wa kuingilia

Tarehe hizi ziko katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na ni sawa kwa Kilifi na Lamu.

Hadi 30 Agosti hazina ya kaunti inatoa waraka wa bajeti kwa idara. Hadi 1 Septemba Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unawasilishwa bungeni. Hadi 30 Septemba unatoka uchambuzi wa mwaka uliopita. Hadi 28 Februari unawasilishwa mkakati wa fedha, wenye vikomo vya kila idara. Hadi 30 Aprili makadirio yenyewe. Hadi 30 Juni yanapitishwa, na 1 Julai mwaka unaanza.

Mlango mkubwa ni wa Agosti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza kutenga pesa nje ya mpango, kwa hiyo mradi usiomo kwenye Mpango wa Maendeleo wa Mwaka utakataliwa kwa sababu halali kabisa, hata kama mwakilishi wadi anaupenda. Hakikisha pia umo, au una mahali pa kushikilia, kwenye mpango wa kaunti wa miaka mitano, wa 2023 hadi 2027. Andika memoranda ya kurasa mbili, si kumi: idadi ya nyumba, hali zake, pesa zinazotakiwa kwa mafungu mawili (matumizi ya kawaida na maendeleo), na picha nne. Ipeleke kwa idara inayoshughulikia nyumba na kwa ofisi ya manispaa, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Huo muhuri utauhitaji Februari.

Februari ndipo vita vyenyewe. Mkakati wa fedha ukishaweka kikomo cha idara, Aprili mnachogawana ni kilichomo ndani ya kikomo hicho tu. Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, lile lililowekwa na kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, lina viti vya wawakilishi wa wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, wazee, walemavu na makundi ya dini. Mtafute anayewakilisha kundi lenu, mpe ile karatasi ya kurasa mbili. Wapangaji wengi hawajui hata kama jukwaa hilo lipo.

Aprili njoo na swali moja tu mkutanoni, lenye ukurasa na kiasi: "Ukurasa huu, ukarabati wa nyumba za Malindi mwaka jana ulikuwa kiasi hiki, mwaka huu ni sufuri. Pesa zimekwenda fungu gani?" Hotuba ndefu za kero huandikwa kwenye ripoti kama "wananchi walilalamikia nyumba", basi.

Hatua ya 6: Kodi ya nyumba irudi kwenye nyumba

Katiba inataka mapato ya kaunti yaingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti. Kodi ya nyumba huchanganyika humo na ushuru wa soko na ada ya maegesho, na ikishachanganyika haina rangi. Mpangaji analipa mwaka mzima, bomba lake likipasuka anaambiwa angoje.

Uingereza walishughulika na jambo hili kwa sheria ya 1989: baraza lenye nyumba za kupangisha hufungua hesabu ya nyumba iliyo mbali na matumizi mengine, na haliruhusiwi kupanga bajeti ambayo itaiacha hesabu hiyo na upungufu. Tangu 2012 mabaraza ya Uingereza yenye nyumba hujiendesha kwa kodi yanayokusanya. Sisi hatuna hesabu ya namna hiyo kisheria, lakini kifungu cha 116 cha Sheria yetu ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinairuhusu kaunti kuanzisha mfuko maalumu kwa idhini ya bunge lake. Mfuko wa matengenezo ya nyumba unawezekana. Una hasara zake: mfuko unataka msimamizi, hesabu zake mwenyewe na ukaguzi wake, na mfuko mdogo unaweza kuliwa na posho za kamati. Kwa mitaa michache, mimi ningeanza na njia nyepesi: mstari wa bajeti unaojitegemea kwa jina la matengenezo ya nyumba za kupangisha, usiopungua makadirio ya kodi ya mwaka huo, na jedwali moja linaloweka mapato na matumizi ya nyumba ubavu kwa ubavu. Bunge likizoea kuliona jedwali hilo, kuzichota pesa hizo ni vigumu.

Hatua ya 7: Panga kazi kwa majira, si kwa robo za serikali

Paa hupandwa wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, kukiwa kukavu. Mei ndio mwezi wenye mvua kubwa Malindi. Sasa hesabu kurudi nyuma: ili fundi awe juu Januari, mkataba uwe umetiwa sahihi Novemba, tenda itangazwe Septemba, nyaraka na makadirio ya kazi yawe tayari Juni, kabla hata ya bajeti kupitishwa. Mgao kutoka Nairobi huchelewa mara kwa mara, na kila kutoa pesa kunahitaji idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Ukianza makaratasi Oktoba, utapandisha mafundi juu ya mapaa Aprili na kulipia turubai.

Sababu nyingine ya kuwahi ni bajeti ya ziada. Kaunti ikipungukiwa katikati ya mwaka, kinachokatwa kwanza ni kile ambacho hakijaingiwa mkataba. Matengenezo hayana mtetezi. Kila mheshimiwa anataka kukata utepe, na hakuna utepe wa bomba lililozibuliwa.

Gawanya kazi iwe vipande vidogo ili vikundi vya vijana na wanawake wa hapa hapa waweze kuziomba. Sheria ya ununuzi ya 2015 imewatengea asilimia 30, pamoja na watu wenye ulemavu. Na kabla ya kazi mpya, lipa madeni ya wakandarasi wa mwaka jana. Waandike wa kwanza kwenye orodha. Mkandarasi asiyelipwa hupandisha bei yake mwakani, na wenzake wanaosikia habari zake hupandisha nao.

Ukiwa Lamu

Hatua ni zile zile, gharama sio. Saruji inayoshushwa Mokowe, upande wa bara, itapakiwa mashuani, ishushwe gatini Amu, yaani mji wa Lamu, halafu ipande punda mpaka mlangoni. Weka mstari wa usafirishaji peke yake, na usiuandike kwa asilimia uliyoizoea bara. Kusi likishika, Juni hadi Agosti, safari za Faza na Kiunga huahirishwa. Nunua vifaa vya visiwani mapema.

Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Nyumba ya tumbawe na chokaa haikarabatiwi kwa saruji, maana ukuta unataka kupumua, na saruji huifungia chumvi ndani mpaka lipu imeguke vipande. Fundi wa chokaa ni wachache na siku zao zina bei. Boriti nazo zina vibali vyake. Zungumza na ofisi ya Makumbusho ya Taifa kabla ya kuandika makadirio. Na palipo na makuti, tenga pesa za kinga ya moto: ndoo za mchanga, mapipa ya maji, pampu inayopita vichochoroni, kwa kuwa gari la zimamoto halipiti mtaa ambao punda wawili hawapishani.

Hatua ya 8: Fuatilia kila robo

Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti za robo mwaka za kila kaunti. Itafute Kilifi, nenda moja kwa moja kwenye idara ya nyumba, linganisha kilichotengwa na kilichotumika. Mwaka ukiisha, Mkaguzi Mkuu ana miezi sita, mpaka 31 Desemba, kutoa ripoti yake. Humo ndimo utakuta kama kuna nyumba za kaunti zisizo na hati au kodi isiyojulikana ilikokwenda.

Mtaani, bandikeni karatasi moja penye watu wengi, mbao za matangazo au dukani. Iwe na mistari minne tu: kodi iliyotarajiwa robo hii, kodi iliyoingia, kilichotumika kwa matengenezo, na nambari za nyumba zilizofanyiwa kazi. Mwenyekiti wa wapangaji na afisa wa manispaa watie sahihi wote wawili. Ibandikwe kabla ya tarehe 15 ya Oktoba, Januari, Aprili na Julai, na nakala iwekwe kwenye daftari lile lile la nyumba, kwa kuwa Agosti itakapofika mtaifungua tena mkiandika memoranda.